Hakula kutwa nzima, mbona utumbo ulikutwa mchafu?

Swali: Shikamoo daktari. Sisi ni wa Tukuyu, baba yangu ana miaka 62. Mwezi uliopita alipangiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, jijini Mbeya, saa 4 asubuhi. Siku ya kuamkia kipimo hakutia kitu mdomoni zaidi ya chai, na ile dawa ya unga ya kusafishia utumbo, lita zote 4, aliimaliza jioni ileile. Kamera ilipoingia akaambiwa utumbo ni mchafu, apangiwe siku nyingine. Mzee amesusa, anasema ameshinda njaa bure. Tulikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kilichomwangusha mzee ni saa. Mtu akilala, matumbo hayalali. Usiku kucha nyongo na ute vinashuka kutoka utumbo mwembamba na kumwagikia mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo. Aliyemaliza dawa saa 3 usiku, ikifika saa 4 asubuhi sehemu hiyo imeshapakwa utando mzito wa manjano. Na huko kulia ndiko vinakopenda kujificha vivimbe bapa, vile ambavyo hata utumbo ukiwa safi vinahitaji jicho kali.

Dawa igawanywe mara mbili. Lita 2 za kwanza aanze saa 12 jioni. Lita 2 za pili aanze saa 10 alfajiri, amalize saa 12, na kuanzia saa 2 asubuhi asinywe kitu tena, maji yakiwemo, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Kipimo chake ni glasi ya mililita 250 kila dakika 15: glasi 8, saa 2 zimeisha. Kama hospitali imempa ratiba yake, afuate hiyo.

Hapo ndipo safari inapoharibu mambo. Mtu aliyekunywa glasi 8 alfajiri hapandi Coaster ya Tukuyu kwenda Mbeya. Alale mjini kwa ndugu au gesti yenye choo cha ndani, na mtu mzima wa kumrudisha awepo. Akishachomwa sindano ya usingizi haendeshi chochote siku hiyo, hata bodaboda yake mwenyewe.

Kosa la pili huwa limefanyika siku 2 au 3 kabla. Kinachoonekana kwenye kamera si chakula cha jana, ni makande ya juzi. Kwa siku 3 aache maharage, dona, karanga, mahindi ya kuchoma, mboga za majani, mapera na pasheni. Parachichi nalo, pamoja na ulaini wake mdomoni, lina nyuzinyuzi nyingi; lisubiri. Ale wali mweupe, ugali wa sembe, viazi vilivyomenywa, mayai, samaki, kuku bila ngozi. Mbegu ndizo adui mkubwa: tundu la kunyonyea uchafu kwenye kamera halifiki milimita 5, mbegu chache tu zinaliziba. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, amuulize daktari aviache lini, kwa kawaida wiki moja kabla. Madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi na kinate ukutani.

Siku ya mkesha ni vinywaji vinavyopenyeza mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa isiyo na mafuta, soda nyeupe. Maziwa na uji hapana. Chochote chekundu au cha zambarau hapana pia, kitadhaniwa damu.

Dawa ina chumvichumvi na inachefua. Wengi huiweka baridi ili ladha ipungue, lakini kwa kipupwe cha Juni huko Rungwe lita 2 za baridi zitamtetemesha. Ya uvuguvugu inafaa. Asikoroge sukari ndani yake, inavuruga jinsi maji na chumvi vinavyofyonzwa. Akitaka kutapika apumzike dakika 30, kisha aendelee polepole. Akitapika mfululizo au tumbo likiuma sana na kuwa gumu, aache na apige simu hospitali.

Atajuaje amesafika? Choo cha mwisho kifanane na mkojo: manjano, maji matupu, bila vipande. Kikiwa bado cha kahawia asubuhi, amwambie nesi kabla hajapanda kitandani.

Swali: Nina kisukari, niko Iringa. Nikishinda bila kula si nitaanguka?

Jibu: Unaweza, ukimeza dawa kama siku zote. Dozi ya insulini na vidonge ipangwe upya na daktari wako kabla ya siku ya mkesha, usikisie. Pima sukari mara kwa mara. Ikishuka chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mbali na dawa ya kusafishia, unywe, upime tena baada ya dakika 15.

Swali: Chumvi ya haluli si inaharisha vilevile? Ni rahisi kuliko hiyo dawa. (Makete)

Jibu: Inaharisha, ila kwa kuvuta maji ya mwili wako. Dawa ya lita 4 imetengenezwa ibaki na maji yake yenyewe, iyapitishe moja kwa moja. Mwenye figo dhaifu au moyo mbovu akijiharishia haluli anaweza kulazwa kabla ya kipimo. Na wengi hawajui figo zao zikoje.