WRX mpya: plastiki nyeusi na ule mlio tunaoulilia

Kaka, swali lako nimelisoma asubuhi nikiwa kwa matatu nikaona hili siwezi kujibu na mstari mmoja. Umesema unataka kuagiza Subaru kutoka Japani, umebaki na mbili, WRX S4 ya 2022, yaani WRX mpya, ama STI, ile WRX kali zaidi, ya bodi ya zamani inayoitwa VAB, ya 2019, na roho yako iko kwa STI kwa sababu hii mpya "sura imeharibika na mlio umekufa." Wengi wamekuunga mkono. Mimi nimeendesha Subaru tangu 2012, na hapo kwa mlio kuna kitu mnakosea, kosa lenyewe nalijua vizuri kwa sababu liliniua injini nzima.

Wacha nimalizane na sura kwanza. Hii WRX mpya ilipoonyeshwa Septemba 2021 watu walilia dunia nzima, na kilio kikubwa kilikuwa ile plastiki nyeusi juu ya magurudumu, wakasema hiyo ni gari ya kupanda mlima imeshushwa chini. Pia walikuwa na uchungu wa zamani, kwa maonyesho ya Tokyo ya 2017 Subaru walileta gari la mfano, Viziv Performance, kali sana, watu wakakaa miaka minne wakingoja hiyo. Mimi pia nilikuwa kwa hilo kundi, nilisema sitaki hata kuiona. Halafu mwaka jana rafiki yangu wa Kahawa Sukari akaleta moja, nikaikuta ikiwa bado na vumbi la njia ya Mombasa, nikachuchumaa kwa gurudumu la nyuma nikapitisha kidole kwa ile plastiki. Si laini vile inaonekana kwa picha. Ina mchoro wa pembe sita sita kama sega la nyuki, vumbi limeingia kwa kila kijishimo, na Subaru wanasema huo mchoro uko hapo kutuliza upepo unaopita ubavuni mwa gari. Sijasema ni mrembo, bampa ya nyuma hiyo plastiki imezidi na hapo siwatetei, lakini nilisimama nikaiangalia tena na sikuichukia.

Na kumbukeni hii si mara ya kwanza. Impreza, ambayo WRX ilitokana nayo, ile ya macho ya mviringo ilipotoka 2000 ilitukanwa mpaka ikapewa jina la macho ya mdudu, kufika mwisho wa 2002 Subaru wakawa wameibadilisha uso. Hiyo hiyo ndiyo gari yangu ya kwanza, WRX ya 2001, nikanunua 2012 ikiwa tayari imezeekea hapa Nairobi, na mpaka leo sijawahi kupenda gari vile. Julai, kukiwa na ile baridi ya saa kumi na moja na nusu, ukiwasha inaanza gudu-gudu, gudu-gudu, kikombe cha chai juu ya boneti kinatetemeka, na mama wa nyumba ya chini anajua naenda kazini hata kabla geti ifunguliwe. Kwa hivyo mtu akiniambia anataka mlio mimi namuelewa kabisa, hicho ni kitu cha maana.

Sasa sikiza. 2016 niliiuza nikachukua Legacy GT ya 2006, ya turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi kusukuma hewa zaidi kwa injini), injini ileile ya lita mbili ya EJ20. Nikawasha, kimya. Inaenda vizuri, ina nguvu kuliko ile ya kwanza, lakini inasikika kama cherehani. Nikadhani ekzosi imeziba, nikapeleka Kirinyaga Road wakaniwekea mafla kubwa, kelele ikaongezeka na mlio haukuja. Fundi mwingine akaniambia dawa ni kutoa heda (mabomba yanayotoa moshi kwa injini) na turbo yake tuweke za Forester, nikalipa, na kweli mlio ukaja, nilikuwa na furaha kama mtoto. Kompyuta ya gari, ambayo ndiyo inapanga mafuta na hewa, hakuna mtu aliigusa kuilinganisha na turbo mpya. Ilikaa miezi mitatu, siku moja nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende nikasikia nguvu inaisha, nikaangalia kioo nikaona moshi wa bluu, na nilijua saa hiyo hiyo. Pistoni namba nne ilikuwa imevunjika.

Aliyefungua hiyo injini ni mzee mmoja mtulivu, na ndiye alinifundisha. Alilaza zile heda mbili kwa sakafu, akachukua uzi akapima bomba moja moja. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, na turbo iko nyuma upande wa kulia, kwa hivyo moshi wa kushoto lazima uvuke chini ya injini ndio uifikie. Kwa heda ya zamani ule uzi wa kushoto ulikuwa mrefu na wa kulia mfupi, maana yake moshi unafika kwa turbo haujapangana, miwili inafuatana karibu karibu, pengo, tena miwili. Hilo pengo ndilo gudu-gudu yenyewe. Mlio wote tunaopigia kelele ni moshi unaochelewa njiani! Heda ya Legacy yangu uzi ulitoshana kila upande, na turbo yake ilikuwa na njia mbili za kuingiza moshi, kila jozi ya silinda na njia yake, ndiyo maana ilikuwa nyepesi kuamka na ndiyo maana ilikuwa kimya.

Na hapa ndipo swali lako linaingia. Subaru waliweka huo mpango wa heda sawa na turbo ya njia mbili kwa STI za Japani tangu mwisho wa 2002, Legacy GT ikafuata 2003. STI za Marekani ndizo ziliendelea na heda ya zamani na injini ya lita 2.5 mpaka mwisho. Zile video unazotazama usiku gari ikinguruma mpaka simu inatetemeka, angalia usukani uko upande gani. Kushoto, na hiyo hapa kwetu huwezi kuisajili. VAB utakayoshusha Mombasa ina EJ20 ya Japani, nguvu za farasi 308, gia sita za mkono, gari tamu sana, lakini gudu-gudu unayoitafuta haina. Ukiilazimisha utafika pale nilifika.

Ile S4 mpya nayo turbo imekaa chini ya injini, heda fupi, kwa hivyo kwa gudu-gudu hapo hakuna hata cha kujadili. Rafiki yangu alinipa nikaendesha mpaka Thika na kurudi. Nilishusha vioo vyote pale Ruiru nikangoja kusikia kitu, sikusikia, na sitakuficha kaka, iliniuma. Lakini nguvu inakuja chini kabisa, lita 2.4, farasi 275, na unajua Nairobi tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo ndiyo inakuokoa. Bodi imekaza, ukikata kona haiyumbi. CVT, ile gia ya otomatiki isiyo na hatua, ndiyo sikuipenda, ukikanyaga ghafla inafikiria kwanza, na Japani ilipotoka haikuwa na gia za mkono hata kwa dawa.

Kama ni mlio unataka, tafuta WRX ya 2001 au 2002 ama Forester turbo ya bodi ya SG5, zote ni za hapa hapa maana sheria inayokataza kuingiza gari la zaidi ya miaka minane ilishazifungia bandarini, na kabla ulipe pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda zote nne na uulize mkanda wa injini ulibadilishwa lini. Kama ni gia za mkono na jina la STI, chukua VAB na uharakishe, EJ20 ilimaliza miaka 30 ikastaafu na hiyo sheria ya miaka inazifuata kwa nyuma. Na kama ni gari ya kwenda kazi kila siku na wikendi Naivasha, mimi pesa yangu ningeweka kwa hii mpya, na plastiki yake.

Usitume pesa Japani kabla ya Jumapili. Nimeongea na huyo wa Kahawa Sukari amekubali uje, lakini fika mapema kabla hajaiwasha, uisikie ikiwa baridi, ndio ujue kama utaweza kuishi nayo.