Anayeuguza naye anataka kupokelewa

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana wa Morogoro. Anamuuguza baba yake, huu mwaka wa pili, na shemeji yake anakaa mtaa wa pili tu. Ameandika: "Dada, nimechoka, ila nikisema nimechoka naonekana nimemchoka baba." Niliusoma mara tatu nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama. Mwaka 2021 ningeweza kuuandika mimi.

Mama alipata kiharusi Agosti 2019. Upande wa kulia ulilala wote, na maneno yakapotea. Tuko watoto watano. Kikao cha familia hakikufika hata nusu saa, na kaka yetu mkubwa alikifunga kwa maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Huyu hana mume wala mtoto, ndiye mwenye nafasi." Nilikuwa na kazi, karani wa stoo, mwaka wa sita. Nilikwenda kwa ofisa utumishi kuulizia likizo. Kwa Sheria ya Ajira ya 2004 ilivyokuwa wakati ule, siku nne za malipo zilikuwepo kwa anayeuguliwa na mtoto, au aliyefiwa na mzazi. Yaani mama angekufa ningepewa siku nne za kumzika. Kwa kuwa alikuwa hai na anaumwa, sikuwa na siku hata moja. Nikamaliza likizo yangu ya mwaka, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kuuguza nilijifunza, na nilijifunza vizuri. Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Unamwekea mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Unapomwinua usimvute ule mkono uliopooza, bega litatoka mahali pake; mshike mgongoni, umwinue kwa nguvu za miguu yako. Uji anywe akiwa amekaa wima, na asilazwe mpaka nusu saa ipite, asije akapaliwa. Naomba nijisifu kidogo hapa: miaka yote hii mama hajapata kidonda cha kulalia hata kimoja. Nesi wa zahanati yetu alimkagua kuanzia mabega mpaka visigino, akaniuliza nilisomea wapi.

Lakini hizo saa mbili mbili usiku kucha, kwa mtu mmoja, zinakula. Mwaka wa pili nilianza kusinzia nimesimama jikoni. Nikaanza kumjibu mama kwa ukali, mtu asiyeweza hata kunijibu.

Jumanne moja nilimlisha, nikamgeuza, nikafunga mlango kwa nje. Nikapanda daladala pale Mbagala Rangi Tatu mpaka Kariakoo, nikakaa dirishani. Gari lilipofika sikushuka. Nililipa nauli nyingine nikarudi nalo. Kwa zaidi ya saa mbili hakuna aliyeniita jina. Nilipofungua mlango nilimkuta mama ametelezeka, nusu ya mwili iko nje ya kitanda, na mkono wake mzima umekamata shuka hadi vidole vinatetemeka. Hakulia. Aliniangalia tu. Habari hii sijamwambia mtu mpaka leo ninapoiandika.

Hapo ndipo nilipoanza kuomba, na mwanzoni niliomba vibaya. Niliandika kwenye grupu la familia: "Jamani nisaidieni, nimezidiwa." Zikaja pole, zikaja picha za mikono ya kuomba dua, na "Mungu atakulipa dada." Wiki ikapita bila mtu kubisha hodi.

Ndugu yangu unayeuguza, nisikilize. Ukimwambia mtu "nisaidie", umemwachia kazi ya kufikiri afanye nini, na hataifanya. Mtajie siku na saa. Nilimpigia wifi yangu: "Wifi, Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, uje ukae na mama." Akakubali palepale. Kaka nilimwambia kama hawezi kuja, atoe shilingi 10,000 ya siku kwa dada wa kukaa na mama, mara mbili kwa wiki. Aliona nyingi. Nilimpigia mara ya pili, na ya tatu, ndipo hela ikaingia. Jirani yangu muuza maandazi nilimwomba Alhamisi akishamaliza biashara. Alinishangaa: "Miaka miwili yote mbona hukusema?"

Kabla hujamwachia mtu, mwite siku mbili akutazame unavyofanya, ya tatu afanye yeye huku unamwangalia. Bandika karatasi ukutani, saa na dawa. Kisha ondoka kweli. Ukikaa sebuleni unasikilizia, hujapumzika.

Na ujipime. Mimi nilimpeleka mama kliniki mara nyingi sana bila mtu kuniuliza nalalaje. Siku moja nesi alinifunga kile kitambaa cha presha kwa kuwa tu nilikuwa nimeegemea ukuta, ikasoma 170 kwa 110, iko juu sana. Binamu yangu aliyeko Leicester ananiambia huko England sheria ya 2014 inalitaka baraza la mji limkague hata yule anayeuguza, naye anahitaji nini. Kwetu tumeanza na mgonjwa, ni sawa, tangu Sera ya Wazee ya 2003 mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Aliyemshika mkono mzee huyo mlangoni bado hana anayemwona.

Nanyi mlio mbali, hasa mnaotuma pole. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi na anayemuuguza msimuulize. Mtu akishuka kwenye gari na mzigo kichwani tunakimbia kumpokea, hatumuulizi kwanza kama ni mzito. Njooni mmpokee.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kwenye harusi, siku tano, mara ya kwanza tangu mama augue. Usiku wa kwanza niliamka saa nane, nikaamka tena saa kumi, mkono unapapasa kutafuta mto wa mama. Usiku wa tatu nililala mpaka jua likanikuta. Niliporudi nilimkuta amekaa kitini, wifi amemsuka twende kilioni, mistari imenyooka kuliko yangu. Nikamwamkia. Akanitazama usoni kwa muda, akavuta neno polepole, kama anavyovuta siku hizi: "Umelala."

Mdogo wangu wa Morogoro, mpigie shemeji yako kesho. Mwambie Jumapili, saa nne mpaka saa nane. Akisema ataangalia, mpigie tena Jumatano.