Nipandishe masafa ya njia ya kadi ya picha?

Swali: Shikamoo fundi. Kompyuta yangu inakwama kwenye gemu. Rafiki anasema nipandishe masafa ya PCI Express (njia inayounganisha kadi ya picha na bodi kuu) kutoka megahezi 100 hadi 115. Nitafaidika? (Msomaji, Sinza)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakusihi, usiyaguse. Faida ni ndogo mno. Mara nyingi kinachochelewa ni kadi yenyewe, njia ina nafasi tele. Hatari ndiyo kubwa, maana kwenye bodi nyingi saa hiyohiyo (mapigo ya umeme yanayopanga mwendo wa data) huongoza na diski. Yangu niliipandisha hadi 112 hapa Kariakoo. Iliwaka vizuri, kumbe picha za harusi ya dada yangu zinaharibika kimyakimya. Bado inaniuma. Rudisha 100, futa vumbi (joto letu la Februari unalijua), kisha pandisha kasi ya kadi kidogokidogo ukiangalia nyuzijoto.