Walimu wapya mliopewa madarasa ya chini: kunakili ubaoni sio kuandika

Wadogo zangu mnaoripoti vituoni, hasa nyie mtakaopewa la kwanza na la pili, naomba niongee hili la kuandika. Tangu 2015 mtaala wa madarasa haya umeweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ila ukweli ni kwamba kusoma tunakazania, kuhesabu tunakazania, kuandika tunajaza ubao tunasema "haya nakilini" halafu tunakaa kusubiri madaftari.

Mtoto anayenakili vizuri anaweza kabisa asiwe anajua kuandika. Futa ubao, watamkie silabi chache tu, mo, ki, tu, le, uone. Wengine wenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani watabaki wanakuangalia, maana walikuwa wanachora maumbo, sauti yake hawaijui. Kwa hiyo imla iwe ya kila siku, maneno matatu manne yanatosha, usisubiri wiki ya mtihani. Anza na irabu, kisha konsonanti moja moja ukiunganisha na irabu, hizi za mba, nya, ngwa zisubiri kwanza. Kiswahili chetu kwa sehemu kubwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishashika silabi anaweza kuandika neno ambalo hajawahi kuliona popote, na siku akifanya hivyo utamuona usoni kabisa kwamba kuna kitu kimefunguka.

Kama penseli hazitoshi waandike mchangani, hewani, wafinyange herufi kwa udongo. Angalia wanavyoshika penseli mapema, vidole vitatu, mkono ukishazoea vibaya kuubadilisha ni kazi. Na mwenye mashoto muache na mkono wake jamani, mkalishe tu upande wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na mwenzie.

Makosa mengine yanatoka nyumbani. Anaandika "karamu" akimaanisha kalamu, "apa" badala ya hapa, "zahabu" badala ya dhahabu, huyo ameandika kile anachokisema, na wino mwekundu hautamsaidia. Mrekebishe mdomoni kwanza, atamke, darasa zima litamke, ndo aandike tena.

Wakifika la tatu na la nne inaanza insha na hapa ndipo tunawapoteza kabisa. Unawapa "Shule yetu", darasa zima linakuletea insha moja, shule yetu ina madarasa saba, ina walimu wazuri, mwisho. Hawana maneno kwa sababu hawajaongea. Waache waongee kwanza, wawili wawili, jana bombani kulitokea nini, nani aligombana na nani, mbuzi wa nani aliingia shambani, wewe pita katikati unauliza "halafu ikawaje?" tu. Chukua hadithi ya mmoja uiandike ubaoni kwa maneno yake yeye, muisome pamoja, muulizane nukta ikae wapi, kisha ufute kila mtu aandike ya kwake. Kurasa zitatofautiana, na utashangaa mtoto uliyedhani hajui kitu ana mambo kiasi gani ya kusema.

Kwenye kusahihisha chagua kosa la aina moja kwa wiki. Wiki hii herufi kubwa na nukta, wiki ijayo maneno yanayotenganishwa hovyo kama "ana kuja" au kuunganishwa kama "babaanalima". Daftari likirudi limejaa wekundu mtoto atajifunza kuandika sentensi fupi fupi za uhakika ili asikosee, na hapo umeshampoteza. Andika pia swali chini ya kazi yake, "mbuzi alirudishwa?", atakujibu kwa maandishi bila kuambiwa.

Darasa likiwa kubwa sahihisha kwa kina mistari miwili ya madawati kwa siku, wengine wabadilishane wasomeane. Mwalimu wa taaluma akikagua atauliza kwanini madaftari mengine hayana tiki, kwa hiyo mueleze mpango wako mapema na uuonyeshe kwenye andalio la somo.