Usinunue mtambo wa kurushia kabla hujaisikia QO-100

Mwaka wangu wa kwanza kwenye redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana kwa redio kwa kujifurahisha na si kwa biashara, niliupoteza nikikimbizana na setilaiti ndogo, zile zinazopita chini na kwa kasi. Unatoka uani na antena mkononi, inachomoza, na baada ya dakika kumi hivi imeshazama. Kwetu Mbeya, zikija kutoka kaskazini, dakika za mwanzo zinamezwa na mlima Loleza. Nikawa nasikia vipande vya sauti tu, mtu akianza kutaja jina la kituo chake kisha kimya.

Kwa hiyo vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaoniuliza waanzie wapi, nawajibu bila kusita: QO-100.

Hii ni mitambo ya wana redio ya ridhaa iliyobebwa ndani ya setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018. Februari 2019 ikafunguliwa kwetu sote. Iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenye nyuzi 25.9 mashariki, na kwa kuwa inazunguka sambamba na dunia, ukiitazama kutoka hapa ni kama imesimama. Haijawahi kutokea nyingine kama hiyo kwa ajili yetu. Na Afrika nzima iko chini yake! Kwa Mbeya inakaa nyuzi 76 hivi juu ya upeo wa macho, Iringa 75, karibu na utosini. Hakuna mlima wa kuiziba.

Anza kwa kusikiliza. Dishi la sentimita 80 au 90 linatosha, hata la mitumba, mradi halijakunjika. Ila LNB, kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi, nunua mpya, ya Ku (masafa ya madishi ya TV ya nyumbani), aina ya PLL inayotulia kwenye masafa, maana za zamani masafa yake yanatangatanga. Mawasiliano ya sauti yanashuka kuanzia megahezi 10,489.5, LNB inapunguza 9,750, zinabaki 739.5. Hapo RTL-SDR, kidude cha kupokelea redio unachochomeka kwenye kompyuta, kinafika bila shida.

Kazi kubwa ni kulenga, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Tazama madishi ya majirani: la DStv linaelekea karibu kaskazini, la Azam limelalia magharibi. Lako litakuwa katikati yao. Kwa Mbeya pima nyuzi 41 kutoka kaskazini kwenda magharibi. Iringa ni 52. Usilielekeze kwa macho, kwa sababu haya madishi ya kawaida huangalia juu zaidi ya uso wake unavyoonyesha.

Halafu kuna jambo ambalo fundi aliyenisaidia hakulijua, wala mimi. LNB haikai wima. Kwa Mbeya lazima izungushwe karibu nyuzi 40 kwenye kishikio chake, Iringa karibu 51. Sisi tuliizungusha, lakini upande usio wake, tukakaa wiki nzima hatusikii kitu huku tukilisogeza dishi ambalo lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Zungusha taratibu, mtu mwingine akiangalia kioo cha kompyuta, na mistari ya mawimbi ikitokea, simama hapo.

Umeme wa LNB uwe wa volti 12 hadi 14. Ukiipa 18 itahamia kwenye mawimbi ya ulalo, na sauti tunazozitaka zinashuka kwa wima. Umeme huo upite kwenye kifaa chake cha kuuchanganya na kebo, usiguse RTL-SDR. Moja niliiunguza hivyo, na nililia nayo kwa sababu niliiagiza mbali.

Ikifika Juni na baridi yetu, utaona masafa yanahama kidogo kidogo. Ni LNB inapoa. Iwashe nusu saa kabla, kisha jipange kwa mlio wa kudumu wa setilaiti ulio kwenye 10,489.750, zipo programu zinazoushikilia zenyewe.

Kurusha ni hatua nyingine kabisa. Kwanza leseni ya TCRA, upate jina la kituo linaloanza na 5H. Unarusha kwenye megahezi 2,400 kwa wati chache, huku ukisikiliza sauti yako ikirudi baada ya robo sekunde. Usizidi nguvu ya ule mlio wa kudumu; ukizidi, setilaiti inakuwekea king'ora juu ya sauti yako, na kila mtu kuanzia Ulaya hadi Afrika Kusini anakisikia. Sote tunagawana kilohezi 500, anayepiga kelele anawafunika wenye vifaa hafifu.

Jioni ya kwanza tulipofaulu, mpwa wangu wa kidato cha tatu alivaa visikizi akasikia Mjerumani akizungumza na mtu wa Brazil. Akaniuliza, "Mjomba, hawa wanapita intaneti?" Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikamwonyesha dishi.