Hakuna aliyeuliza

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeipata, na kile kitabu ulichoniachia, Sense and Sensibility cha Jane Austen, nimekimaliza juzi. Umeniuliza kama Marianne alikuwa mjinga kumwamini Willoughby upesi vile, au mapenzi ndivyo yalivyo.

Mjinga kwa lipi? Msichana wa miaka 17 ameteleza mlimani kwenye mvua, mguu umeteguka. Anatokea kijana mzuri wa sura, na bunduki yake na mbwa wawili wa kuwindia, anambeba mpaka ndani kwao. Kesho yake anakuja kumjulia hali, kumbe anapenda mashairi yale yale na muziki ule ule. Hata mimi ningempenda.

Mimi aliyeninyima usingizi ni mama yake Marianne. Unakumbuka pale Willoughby alipoondoka ghafla kwenda London, Marianne akawa analia tu, hali chakula? Dada yake, Elinor, akamsihi mama yao: muulize, wamechumbiana au hawakuchumbiana? Mama akakataa. Eti hataki kumlazimisha mtoto kutoa siri yake, akiwa tayari atasema mwenyewe. Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kukaa barazani. Kuuliza si kutukana, mwanangu. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa mdogo.

Nikamkumbuka mama yako mdogo. Bibi yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na yeye akikaa kwetu hapa Tanga, mimi ndiye mama na ndiye dada. Masika yale kijana mmoja alimleta kwa pikipiki kutoka stendi, wote wawili wamelowa chapachapa. Nikampa taulo na chai ya tangawizi. Tangu siku ile akawa wa nyumbani. Akaziba bati la jikoni lililokuwa likivuja, akawa analeta kaseti za taarabu, na mama yako mdogo akaniambia, "Dada, hata nyimbo tunapenda zile zile!" Baba yako akamsifu. Mimi nikampikia samaki wa kupaka. Kwao wapi, ana mke au hana, atamleta lini mshenga, sikuuliza hata moja. Nilijiambia nitamuaibisha ndugu yangu.

Mvua zilipokatika naye akakatika. Koti lake la mvua lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na mama yako mdogo alikuwa akilifuta vumbi kila Ijumaa. Baadaye tukasikia ameoa kwingine, kwa watu wenye maduka. Ndiyo maana nilipofika pale Willoughby anapomuoa Miss Grey mwenye pauni 50,000, sikushangaa.

Lakini nisijidanganye. Hata ningemuuliza, si angeweza kunidanganya? Na yule Willoughby anapokuja usiku Marianne akiwa mgonjwa taabani, akamwambia Elinor kwamba alimpenda kweli, nilimwonea huruma, Mungu anisamehe. Kwa hiyo walivyomwona siku ya kwanza hawakukosea kabisa. Alichoshindwa ni kumchagua. Tena wamekosea upande wa pili pia: Kanali Brandon, yule mwingine aliyempenda, miaka 35 tu, Marianne alimwona mzee kwa sababu ya kizibao chake cha joto, na mwisho ndiye aliyemuoa. Macho ya siku ya kwanza yanakosa huku na huku. Basi kuuliza kunasaidia nini? Nimelizungusha hili siku mbili. Bado nasema kunasaidia, kwa sababu anayeulizwa anajua kuna mtu nyuma ya yule binti.

Pale London, Elinor alipouliza hatimaye, Marianne alijibu kwamba Willoughby hakuwahi kulitamka neno lenyewe, ila kila siku ilikuwa kama limeshasemwa. Nikampigia simu mama yako mdogo usiku ule ule. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, yule mtu alikuahidi ndoa? Akanyamaza. Kisha akasema, "Hakuniahidi, dada. Nilikuwa nangoja wewe umuulize."

Sasa huyo kijana wako. Hukuniomba rai, nami nimejizuia nisiitoe. Amenisalimia vizuri kwenye simu, ana adabu, sauti yake naipenda, na hapo ndipo ninapoanza kuogopa, kwa sababu na yule wa koti nilimpenda sauti. Sisemi kitu. Nina neno, lakini nimelibana mpaka nimuone.

Njoo naye Idi. Baba yako ameshaambiwa asimchukue moja kwa moja kwenda kutazama mpira, maana nitamkalisha barazani kwanza, na mama yako mdogo atakuwepo.

Mama yako