Kabla hujaajiri Meneja Uzalishaji, mshikishe mashudu

Mkuu, futa hilo tangazo leo. Una kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Nala, Dodoma, mashine ya pili ya kukamua inafika mwezi ujao, unatafuta "Meneja Uzalishaji, shahada, aliyeshika cheo hicho miaka 5". Yule dada anayekuendeshea mashine tangu 2021 utamweka chini yake kwa sababu aliishia darasa la saba. Umeuliza maswali ya usaili, mshahara wa kuanzia, na jinsi ya kuwaendeleza vijana ulionao. Mimi nilitangaza hivyo hivyo, na kiwanda kilinusurika kufa.

Niko Kizota. Mwaka 2019 nilimchukua mtu aliyekuwa na cheo hicho sehemu mbili kabla ya kwangu. Usaili tuliufanya ofisini, tukaongea mipango na uongozi, na hakuna aliyemwambia ashuke kwenye mashine hata dakika kumi. Baadaye sana nikajua kwamba alikotoka kazi yake ilikuwa kusaini ratiba za zamu na kufuatilia magari. Hakunidanganya. Cheo kilikuwa kile kile, kazi ilikuwa nyingine, na mimi sikuuliza.

Fundi wangu, kijana wa Kongwa, alikuwa na kawaida ya kuchukua mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yakitoka tu, bado ya moto, na kuyavunja kiganjani. Yakikatika makavu kama biskuti, anaendelea. Yakiacha mkono unang'aa, anabana tundu la kutolea mashudu au anarudisha mbegu zikapashwe zaidi. Na hakuna gunia lililoingia bila kuchekechwa, maana jiwe moja linatosha kuua shafti. Meneja aliona yote hayo ni kupoteza muda. Alitaka magunia mengi kwa zamu, basi akafuta kuchekecha na akalegeza tundu mashine ikimbie. Kijana alipinga mara moja, akajibiwa, "Wewe ni opereta." Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Hilo linaniuma kuliko hela. Mwezi haukuisha, kijana akaondoka.

Ripoti zikawa nzuri. Magunia yamepanda, ndoo za mafuta nazo zimeongezeka kidogo, nitashtuka nini? Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mfugaji wa Chamwino anayenunua mashudu kwangu. Akaniambia, "Mwanangu, mashudu yako ya siku hizi mbuzi wanayagombea. Hata ukipandisha bei nitachukua." Nikaenda stoo nikashika. Mkono mzima mafuta! Gunia la kilo 65 lililokuwa linanipa lita 18 lilikuwa linatoa 13. Lita 5 kila gunia, magunia 40 kwa siku, karibu miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikipiga silali. Wiki mbili baadaye jiwe likaingia, shafti ikakatika katikati ya msimu, wakulima wamepanga foleni getini na mbegu zao.

Na yule mshauri wa ajira aliyenitoza hela kuniandikia sifa za mwombaji! Alichukua karatasi ya kampuni kubwa akabadilisha jina. Hakuwahi kuuliza mashine yangu inafanyaje kazi. Nilipomlalamikia akasema, "Mpe muda." Muda huo ukavuka miezi 6, na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kuanzia hapo mfanyakazi anaweza kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Nililipa mpaka tukaachana na yule meneja.

Sasa nisikilize. Andika kazi kwanza, cheo baadaye. Kaa na huyo dada akueleze anachofanya tangu gunia linaposhushwa mpaka mafuta yanapotulia kwenye tangi. Andika vitendo vitupu: kukagua unyevu, kuchekecha, kupasha, kubana tundu, kusoma mashudu, kuandika lita kwa kila gunia. Mbele ya kila kimoja weka jina la anayekiweza tayari. Kisichokuwa na jina ndicho unachoajiria. Nina hakika utakuta umekosa mtu wa hesabu na masoko, siyo bosi wa kumsimamia huyo dada. Na yeyote atakayekuja, kabla hujafungua CV yake, mpe magunia mawili yaliyopimwa, akamue, upime mafuta, umlipe siku yake. Mshikishe mashudu, akwambie anaona nini.

Huyo dada mpeleke VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti, darasa la saba au vinginevyo.

Kijana wangu nilimfuata hadi Kibaigwa. Alisema atarudi nikitamka mbele ya wenzake kwamba alikuwa sahihi. Nikatamka. Leo ndiye msimamizi wa uzalishaji, na ndiye anayewafundisha wapya kuvunja mashudu.

Ongea na dada yako wiki hii, kabla hajasikia kwa watu kwamba anatafutiwa bosi.